Bibi wa Nje

Mtaa mzima humwita shemeji yangu Bi Pasi, na anayedhani jina hilo limetokana na kazi yake ya udobi peke yake hajapata kumuudhi. Mpelekee suruali yenye kalamu iliyovuja mfukoni, usimwambie, uone. Atakuunguza kabla hajachomeka waya ukutani. Kaka yangu, Mungu amrehemu, aliishi naye miaka ishirini na sita, na alikuwa akisema kwamba nyumbani kwake hakujawahi kuingia baridi. Mimi ni mdogo wake marehemu. Nimekaa miji mingi na kufanya kazi ndogondogo nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sasa nimetua kwenye chumba cha nyuma ya duka lake. Nakunja shuka, nabandika namba kwenye nguo za watu, na nikitumwa naenda. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo, ingawa mara nyingine nilikuwa nimejibanza.

Jambo lilianzia kwenye simu. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikwenda Uchina kusomea rangi za vitambaa. Akamaliza, akapata kazi hukohuko, akaolewa na kijana waliyesoma naye. Bi Pasi hakuipenda ndoa ile wala hakuikataa. Alisema tu kwamba mkwe usiyeweza kumgombeza akaelewa ni mkwe nusu. Kisha binti akajifungua mtoto wa kike, na kuanzia siku hiyo shemeji yangu akawa na wimbo mmoja: nataka kumpakata mjukuu wangu.

"Mama, njoo, nani amekukataza?" binti akasema. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya kunyunyizia maji, na mimi nilikuwa nakunja foronya pembeni. "Ila si hivihivi. Mimi na mwenzangu tunatoka saa moja asubuhi, tunarudi jioni. Nyumbani anabaki mama mkwe na mtoto. Hajui lugha yoyote isipokuwa Kichina. Mtashinda mnatazamana kama sanamu?"

"Nitamtazama. Macho ninayo."

"Na mtoto akipata homa? Mlango ukijifunga ukiwa nje? Ukitaka maji tu ya kunywa?"

"Nitayachota."

"Mama!"

Hapo binti akatoa sharti lake. Alimpa mama yake miezi mitatu. Mwisho wa miezi hiyo angepanga simu ya picha kati ya akina mama hao wawili, waongee wao wenyewe, naye asitafsiri hata neno moja. Wakielewana, mumewe ataandika barua ya mwaliko, maana bila barua hiyo viza haiombwi. Wasipoelewana, Bi Pasi asubiri mpaka mtoto akue waje naye.

"Akue mpaka lini?"

"Miaka mitano. Sita."

Bi Pasi akakata simu. Alikuwa na miaka sitini na minne, presha, na goti moja lililokuwa likilia akipanda ngazi. Alisimama kidogo, kiganja kimelala juu ya pasi iliyopoa.

"Umesikia, shemeji? Nimezaa mtoto, leo ananiwekea mtihani."

Darasa la Kichina lilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira ilipenya sakafuni ikaingia hadi kwenye chai. Tulikuwa wanne. Alikuwepo muuza matairi mwenyewe, mwenye jengo, aliyekuwa akijiandaa kwenda kuchagua mzigo wake kwa macho yake. Alikuwepo muuguzi mmoja aliyepata nafasi ya kozi, dada mpole, ambaye sikumbuki kama nilimsikia akisema chochote kisichokuwa Kichina. Kisha Bi Pasi, na mimi niliyebeba mkoba wake.

Mwalimu wetu tulimwita Mwalimu Toni, kwa sababu ya neno alilolisema zaidi ya mengine yote. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alishika rula ya chuma. Alikaa Uchina miaka sita akisomea pampu za maji, akarudi akiwa amekasirika, sijui na nani. Alitugawia kijitabu cha msafiri kilichorudufiwa vibaya hivi kwamba sura ya hoteli ilikuja kabla ya salamu. Nilifikiri moyoni kwamba kuna watu nimekutana nao safarini waliojifunza kwa mpango huohuo.

"Ni hao," akasema Mwalimu siku ya kwanza, akagonga meza kwa rula.

"Ni hao," tukaitikia.

"Tena."

Bi Pasi akainua mkono. "Mwalimu, hebu tuelewane. Kwetu sisi ukisema 'ni hao' unamwonyesha askari wezi."

Muuza matairi akacheka mpaka kiti kikasogea.

"Ni salamu, mama. Maana yake hujambo."

"Haya. Na asante?"

"Sie sie."

"Sie, sie?" Bi Pasi akatugeukia. "Yaani mtu anakupa kitu, wewe unajitaja mwenyewe mara mbili? Na wanasema sisi ndio tunajipenda."

Mwalimu hakucheka. Alikuja mpaka mbele ya dawati letu, akailaza rula juu ya kijitabu chake. "Mama, mimi hapa sikuja kuchekesha watu. Hii lugha ina toni nne. Ukikosea toni, umesema neno jingine kabisa. Na kusema kweli, kwa umri wako mdomo umeshaganda. Sikufichi. Kama unatafuta mahali pa kupitishia mchana, hapa si mahali pake."

"Nani kakwambia mdomo wangu umeganda? Umeuona ukiganda lini?"

"Sema: ma."

"Ma."

"Hapana. Ma."

"Nimesema ma!"

"Umesema farasi."

"Farasi ni wewe," akasema Bi Pasi, na hapo hakukuwa na haja ya toni.

Usidhani aliondoka. Alikaa mpaka mwisho, amekunja mikono, anamtazama kijana yule kama unavyotazama doa ambalo unajua litatoka. Mwalimu alikuwa mteja wetu wa miaka miwili, mashati matano kila wiki. Jumatatu alipoyaleta, Bi Pasi aliusukuma mfuko ukarudi upande wake wa kaunta.

"Hatupokei."

"Kwa nini?"

"Yapige na rula."

Basi Mwalimu Toni akawa anakuja darasani na mashati yaliyokunjamana kama karatasi ya maandazi, kwa sababu dobi mwingine yuko mbali na yeye hakuwa mtu wa kushika pasi. Kila Bi Pasi alipoyaona alikaa vizuri zaidi kwenye kiti. Na Mwalimu naye, kila alipotaka mtu wa kusimama mbele kukosea, alijua wa kumwita. Alimsimamisha aagize chumba cha vitanda viwili, akamkatiza kwenye neno la pili. Alimsimamisha amwambie dereva wa teksi apinde kulia, akasema dereva angekuwa ameshafika mtoni. Mimi si mtu wa ugomvi, nilikuwa natazama viatu vyangu.

Nyumbani ndiko alikojifunzia. Ilianza kwa bahati. Alikuwa anapiga pasi shuka huku akinung'unikia yale maneno, nikaona mkono wake umeanza kwenda nayo. Toni ya kwanza haipandi wala haishuki, na mkono ukaenda sawasawa, kama juu ya shuka. Ya pili inapanda: mkono ukatoka kwenye mfuko wa shati kuelekea begani. Ya tatu inazama kidogo halafu inainuka, na hiyo aliipitisha kwenye rinda la sketi, chini, juu. Ya nne inashuka kwa kishindo, na hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote: alibandika pasi juu ya kola yenye wanga, pa!

"Shemeji, hizi si toni," akaniambia. "Hii ni kazi yangu, wameipa jina jingine."

Kuanzia hapo hakuna nguo ya mtu iliyopigwa pasi bila Kichina. Shuka zilikuwa za toni ya kwanza, mashati ya watu wa ofisini yalikuwa na toni zote. Darasani alizungumza huku mkono wake wa kulia ukisafiri juu ya dawati, ngumi imefungwa kana kwamba imeshika mpini. Muuguzi akaanza kumwiga kimyakimya. Mwalimu alipoona kwamba toni zinatoka sawa, hakumsifu. Alitafuta kosa kwingine.

"Mkono ushushe. Hatupigi pasi hapa."

"Kwa shati hilo, hilo linaonekana."

Kulikuwa na mambo ya adabu pia katika kijitabu, na yote aliyachukia. Mwalimu alieleza kwamba wazee wa huko hukusalimu kwa kukuuliza kama umekula. Bi Pasi akasema mtu akimuuliza hivyo mbele za watu atakuwa amemtangazia njaa. Mwalimu akaeleza kwamba mgeni hupewa maji ya moto, matupu, bila majani ya chai, na kwamba ni heshima. Bi Pasi akauliza heshima ya nini, ya mgonjwa wa kifua? Lakini alisema vile kwa mdomo tu. Jioni nilimsikia jikoni akisema "kaishui, kaishui", maji yaliyochemka, na kunywa bilauri nzima huku amekunja uso, ili siku ya siku koo lisimwaibishe. Alimtaka mtoto yule hivyo.

Mwezi wa pili ukiwa unamalizika tukafika sura ya familia. Laiti kijitabu kingepoteza ukurasa ule, kama kilivyopoteza ule wa duka la dawa.

Mwalimu aliandika ubaoni majina ya ndugu. Lugha ile haina mchezo na ukoo. Kaka mkubwa ana neno lake na mdogo lake, mjomba ana lake, baba mdogo lake. Hilo lilimfurahisha Bi Pasi, alisema angalau hapo wana akili kama watu. Kisha Mwalimu akaandika mabibi.

"Bibi mzaa baba ni nai nai. Bibi mzaa mama ni wai po. Rudieni."

Tukarudia. Mkono wa Bi Pasi ulishuka kwa kishindo kwenye wai, ukapanda kwenye po. Safi kabisa. Hata mimi nilisikia.

"Basi mimi ndiye wai po," akasema, na kwa mara ya kwanza darasani mle alitabasamu. "Wai po. Po ni nini?"

"Bibi. Mwanamke mzee."

"Na wai?"

Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Alijibu bila kugeuka, kama mtu anayetaja saa. "Nje."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Bi Pasi kidogo, halina kazi.

"Nje gani?"

"Nje, mama. Kama nje ya nyumba. Bibi wa nje."

Najua nikimweleza mtu asiyesema lugha yetu hatashtuka. Lakini wewe unajua sisi tunaposema mtoto wa nje tunasema nini, na mke wa nje ni nani. Muuza matairi aliacha kutafuna. Muuguzi aliinamisha kichwa.

"Na yule mwingine," Bi Pasi akauliza polepole, "nai nai. Naye ana nje?"

"Hapana. Nai nai ni nai nai tu."

"Yeye yuko ndani."

"Mama, ni neno tu. Ndivyo..."

"Mwanangu ameolewa kwa ndoa, unanisikia? Kwa cheti! Cheti kina mihuri miwili, ninacho ndani ya sanduku. Mimi sikumzaa kichakani, na yeye hakuzaa kichakani. Leo unasimama hapo na shati lako la kuokota unaniambia mimi ni bibi wa nje?"

"Si mimi niliyeitunga hii lugha!"

"Ila umeifurahia kunitafsiria!"

Na kweli, nadhani alikuwa ameifurahia kidogo. Kona ya mdomo ilimponza. Bi Pasi alikiinua kijitabu chake, akakirusha kikapita sikioni mwa Mwalimu, kikapiga ubao. Akashuka ngazi, goti na yote, mimi nyuma na mkoba. Chini kwenye matairi alisimama kuvuta pumzi.

"Siku zote nilijua wananidharau," akasema. "Sikujua kama wameniandika kabisa kwenye kitabu."

Alipompigia binti yake hakusalimu. "Kwa hiyo mimi ni bibi wa nje?"

Binti akauliza, "Nani amekufundisha hivyo?"

"Ni kweli au si kweli?"

"Mama, huku hakuna anayefikiria maana yake. Ni kama jina. Zamani mtoto wa kike akiolewa alihesabiwa ametoka kwao, basi watu wa kwao wakawa..."

"Wa nje."

"Ni neno la mapenzi, Mama. Watoto wanalisema kwa kudeka."

"Mwanao atadeka na jingine. Hilo hataniita."

"Usilete hilo kwenye simu na mama mkwe. Nakuomba. Sema chumba, sema maji, sema asante, tumalize. Ukigombana naye mimi nitamwambia nini mume wangu?"

Bi Pasi hakuahidi. Hakurudi darasani pia. Wiki nne zilizobaki alijifunza kwa hasira, na mimi nimeona watu wengi wakijifunza vitu mbalimbali, sijaona nishati ipitayo hiyo. Muuza matairi ndiye aliyekuwa akituletea kurasa mpya, na pamoja na kurasa, uchonganishi.

"Mama, Mwalimu anasema kwenye hiyo simu hutavuka salamu."

"Mwambie aandae leso."

"Anasema hata maji hutaweza kuomba."

"Mwambie na yeye pasi hataweza kuiomba. Toka hapa, unaniharibia marinda."

Simu ilipangwa Jumamosi, saa tano asubuhi. Tulifunga nusu ya mlango wa duka. Bi Pasi alivaa gauni lake la bluu, akajipiga pasi kola huku ameshalivaa, jambo ambalo humkataza kila mtu. Alisimama nyuma ya meza yake ya kazi. Mimi nikapewa kushika simu, kwa sababu yeye alihitaji mikono.

Mama mkwe wa binti akatokea. Nywele fupi zenye mvi, fulana ya sufu isiyo na mikono, mgongo umenyooka kama amefungiwa ubao. Mtoto alikuwa magotini mwake, amenona, anatutazama sisi bila imani. Nyuma yao, pembeni, binti alisimama ameziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa anatimiza ahadi yake ya kutosema.

"Chi fan le ma?" akauliza yule mama. Umekula?

Niliona mishipa ya shingo ya shemeji yangu. Lakini alijibu, "Chi le. Ni ne?" Nimekula, na wewe je? Mkono ulikwenda juu ya meza taratibu.

Yule mama akapandisha nyusi. Akamimina maneno kama mtu anayemwaga choroko. Bi Pasi akainua kiganja. "Man man shuo." Sema polepole. Yule mama akasema polepole, lakini sasa kwa sauti kubwa, kama anaongea na kiziwi aliye ng'ambo ya barabara. Aliuliza hali ya hewa, akajibiwa joto. Aliuliza kazi, akajibiwa nguo, na mkono ukaonyesha. Aliuliza umri. Hapo Bi Pasi alichanganya nne na kumi, akawa na miaka sitini na kumi, lakini hakuna aliyekufa. Niliona mabega ya binti yameshuka. Nilishusha pumzi na mimi.

Ndipo yule mama akaushika mkono mdogo wa mtoto, akautikisa kuelekea kwetu, akasema kwa ile sauti inayotumiwa kwa watoto dunia nzima: "Jiao wai po! Jiao wai po!" Mwite wai po.

"Bu shi," akasema Bi Pasi.

Mkono wa mtoto ukabaki hewani.

"Wo bu shi wai po." Mimi si wai po. Bu ikapanda, shi ikashuka, wai ikabandikwa mezani kwa ngumi hadi chupa ya maji ikaruka. Sijawahi kumsikia akisema Kichina kizuri namna ile, na sikuwahi kutamani akosee namna ile. Maana kwa yule mama hapakuwa na suala la nje wala ndani. Alichosikia ni mgeni aliyepigiwa simu kuonyeshwa mjukuu, akaonyeshwa, akasema mimi si bibi yake.

Uso wake ukabadilika. "Ni bu shi wai po?"

"Bu shi."

"Na ni shi shei?"

Hiyo "na" yao, ajabu, hufanya kazi kama yetu. Na wewe ni nani?

"Wo shi ta de mama." Mimi ni mama yake. Akamwonyesha binti kwa kidole. Binti alikuwa amegeukia ukuta.

"Ta de mama, jiu shi wai po!" Mama yake ndiye wai po! Yule mama alilisema kama anayemfundisha punguani kuhesabu.

"Wai, bu hao!" Nje, si nzuri. Bi Pasi alitafuta neno, nikaona analitafuta, akalipata kwenye sura ya hoteli, mahali panapouliza kama bafu liko ndani ya chumba. "Wo bu shi wai. Wo shi li mian!"

Mimi ni ndani.

"Li mian?" Yule mama alimtazama mtoto, akatazama simu. "Shenme li mian?" Ndani gani? Kisha kitu kikamwingia kichwani, na nadhani kilikuwa kitu kisicho sahihi, kwa sababu alijipiga kifua kwa kiganja. "Wo shi nai nai! Wo! Ni shi wai po!"

Alidhani shemeji yangu anataka kumnyang'anya cheo.

"Bu shi!"

"Shi!"

"Bu shi!"

"Shi!"

Waliendelea hivyo wanawake wawili, mmoja na pasi mezani, mwingine na mtoto magotini, na katikati walitupiana kila walichokuwa nacho. Bi Pasi alimwambia hana adabu, kwa neno alilolitoa kwenye sura ya mgahawa linalomaanisha chakula kimepoa. Yule mama alimwambia mambo ambayo mimi sikuyapata na yeye aliyapata yote, nilimwona. Aliuliza, akajibiwa. Akakatizwa, akakatiza. Mtoto aligeuza kichwa huku na huku. Mwishowe yule mama alisimama, mtoto kwapani, akainamia simu mpaka tukaona pua na jicho moja.

"Ni lai!" akasema. Njoo! Na mkono ukaita, vidole chini, kama sisi tunavyoita. "Lai! Ni lai!" Njoo uone!

"Wo lai!" akapiga kelele Bi Pasi. Nakuja! Akaninyang'anya simu, akaikata.

Nje mtu alikuwa anagonga ile nusu ya mlango akitaka suruali zake.

Alikaa kwenye rundo la shuka chafu, yeye asiyekaa juu ya nguo ya mtu. "Nimeiharibu, shemeji," akasema kwa sauti ndogo. "Miezi mitatu. Nimeiharibu kwa neno moja." Akajifunika uso kwa foronya ya hoteli. Nilimpelekea mteja suruali zake nikarudi.

Binti alipiga baada ya nusu saa. Sauti yake ilikuwa ya chini, nadhani alikuwa amejifungia bafuni.

"Mama, unajua umefanya nini?"

"Najua."

"Yuko jikoni anakata vitunguu kama anakata miti. Amesema hajapata kuona mtu mkaidi kama wewe. Amemwambia mume wangu uje, uje haraka, akuambie ana kwa ana, maana kwenye simu unakimbia."

Bi Pasi aliishusha foronya. "Mimi nakimbia?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na barua?"

"Inaandikwa kesho. Nilisema muelewane, na mmeelewana kila neno, Mungu anisamehe." Nikasikia bomba likifunguliwa. "Dakika kumi na nane, Mama. Mimi naishi naye mwaka wa tatu, hatujawahi kuongea dakika kumi na nane."

Barua ilipofika, wakala wa viza alitaka tafsiri, na mtaani kwetu mtafsiri ni mmoja. Tukapanda zile ngazi. Mwalimu Toni aliipokea bila kusema karibu, akaandika huku anasoma. Alipofika katikati, kalamu ilisita.

"Hapo wameandika nini?" Bi Pasi akauliza.

"Bibi wa mtoto."

"Bibi gani? Soma kama ilivyo."

Mwalimu aliisogeza kwanza bilauri yake ya chai mbali na mkono wa shemeji yangu. "Wai po."

Nikashika mkoba vizuri, tayari kushuka. Bi Pasi aliitazama ile alama ya wai kwenye karatasi. Mistari michache tu, ungedhani ni kinyago kidogo kimeegemea mlango.

"Iandike," akasema. "Nikishaingia kwenye hiyo nyumba tutajua nani wa nje."

"Kumbe uliongea naye muda mrefu," Mwalimu akasema bila kuinua kichwa. "Muuza matairi aliniambia. Toni ya nne umeipata."

"Sikukuuliza."

Aliondoka mwanzoni mwa mwezi. Mimi nimebaki na duka, wateja wanalalamika kuhusu kola. Binti hunitumia habari mara kwa mara, ananiita baba mdogo na kuniomba nizungumze na mama yake, kana kwamba mimi niliwahi kuweza. Anasema wanagombana kuanzia uji wa asubuhi: dirisha lifungwe au lifunguliwe, kofia ivaliwe au ivuliwe, nani amembeba mtoto muda mrefu. Neno lile wanalivutana bado. Mmoja analisema kila anapopata nafasi, mwingine anajifanya haitwi yeye.

Jana binti alirudi kazini akamkuta mtoto amelala kifuani mwa mama yake, mate yameilowesha ile kola ya bluu. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yao na saa mkononi, anafoka kwa kunong'ona kwamba zamu imekwisha, amlete. Bi Pasi alimjibu bila kufumbua macho.

"Ting bu dong."

Maana yake ni nasikia, ila sielewi.